Namna ya kupunguza mbio za simu bila kujitenga na watu: mwongozo wa wiki moja

Maswali ni yale yale. "Nikizima arifa, msiba ukitokea nitajuaje?" "Bosi anatuma kazi saa nne usiku, nisipojibu si nitaonekana mvivu?" "Wateja wangu wote wako WhatsApp, simu nitaiachaje?" "Grupu la harusi ya binamu lina watu mia mbili, nikijitoa nitasemwa ukoo mzima." Haya hapa majibu, yamepangwa kwa hatua, ili ushike simu yako na kufuata moja baada ya nyingine.

Sikuambii uache simu. Kwa wengi wetu simu ni benki, duka, ofisi na njia ya kumsikia mama aliyeko kijijini. Ninachotaka ubaki nacho mwisho wa wiki ni simu inayolia kwa sababu unazozijua, na watu wanaojua lini utawajibu.

Kwanza, nadharia kidogo

Waya wa telegrafu ulifika Zanzibar mwaka 1879, na tangu hapo kila chombo kipya kimekuwa kikifupisha muda kati ya swali na jibu. Barua ilichukua majuma, na aliyeiandika alijua atasubiri. Tangazo la kifo lilisomwa redioni kwa saa yake, na wa mbali wakalisikia pamoja. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kumtumia mzee hela ya dawa kukawa kazi ya dakika moja. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zikatua Mombasa na Dar es Salaam, sauti na picha zikafuata. Hizo ni faida za kweli. Hakuna anayetaka kurudi kupanga foleni ya kununua umeme wa LUKU. Ila chombo kinapofikisha ujumbe papo hapo, watu huzoea kwamba na jibu linadaiwa papo hapo. Muda wa kusubiri umeondoka bila mtu yeyote kukaa na mwenzake wakakubaliana.

Mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake waliwapima watu waliokuwa wakikatizwa katikati ya kazi. Walimaliza kazi haraka zaidi, lakini wakiwa na msongo mkubwa zaidi na hisia ya kubanwa na muda. Jioni ya namna hiyo unaijua: kazi zimeisha, na wewe umeisha.

Nadharia inatosha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu yako, ikiwa na chaji ya kutosha, na saa moja ya utulivu.
- Daftari na kalamu. Usiandike kwenye simu, utaishia kuperuzi.
- Saa ya kengele ya kawaida, ile ya betri. Zipo madukani kwa bei nafuu.
- Orodha ya watu wasiozidi kumi ambao wakikupigia usiku wa manane lazima uamke.
- Kama kazi yako inategemea simu kulia (muuguzi wa zamu, dereva wa bodaboda au teksi ya mtandaoni, fundi wa dharura), andika saa zako za zamu. Hatua hizi zitakufaa nje ya saa hizo.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa kitu

Tangu mwaka 2018 simu nyingi za Android zina sehemu ya Digital Wellbeing ndani ya Mipangilio, na iPhone zina Screen Time. Ifungue. Usihangaike sana na jumla ya saa. Angalia vitu viwili: umefungua kioo mara ngapi kwa siku, na ni programu ipi imekuletea arifa nyingi zaidi. Viandike kwenye daftari kwa siku tatu, bila kubadilisha chochote.

Watu huruka hatua hii kwa sababu wanadhani wanajua tatizo lao. Wengi hukisia TikTok au Instagram, kumbe arifa nyingi zinatoka kwenye magrupu matatu ya WhatsApp.

Hatua ya 2: Amua nani anaweza kubisha hodi muda wowote

Arifa ni hodi. Nyumbani kwako hupokei hodi zote kwa namna moja: jirani anayeita kwamba mtoto ameanguka, na mchuuzi wa mchana, kila mmoja ana jibu lake. Chora safu tatu kwenye daftari.

Ya kwanza ni ya wanaoruhusiwa muda wowote: mwenza, watoto, wazazi, anayeuguza mgonjwa wa familia, jirani mwenye ufunguo wako, mlinzi wa duka lako. Ya pili ni ya watakaojibiwa kwa saa maalumu: kazini, wateja, marafiki, magrupu ya maana. Ya tatu ni ya vitu ambavyo havina haja ya kulia kabisa: michezo, matangazo ya maduka, "fulani ameweka picha mpya", kampuni za mikopo ya mtandaoni.

Safu ya kwanza ikizidi watu kumi, rudia. Kila unayemwongeza humo unampa ruhusa ya kukuamsha.

Hatua ya 3: Zima arifa za safu ya tatu

Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya arifa, kisha zima programu moja baada ya nyingine. Njia ya mkato: arifa inapotokea, ibonyeze na kuishikilia, utapewa nafasi ya kuinyamazisha hapo hapo. Kwenye Android 13 na kuendelea, programu mpya lazima iombe ruhusa kwanza ndipo ilete arifa. Kataa, ukiihitaji baadaye utairuhusu mwenyewe.

Acha vifuatavyo viendelee kulia: simu za kawaida, SMS, ujumbe wa benki na wa pesa za simu, kalenda, na programu ya nyakati za swala kama unaitumia.

*Tahadhari:* Usizime SMS zote kwa hasira ya matangazo. Taarifa za miamala na namba za siri za kuthibitisha akaunti hupita humo. Mtumaji mmoja anayekusumbua unaweza kumzuia peke yake.

Hatua ya 4: Safisha WhatsApp

Hapa ndipo mbio zenyewe zilipo, kwa hiyo chukua muda.

a) Pitia magrupu yote kutoka juu hadi chini. Yaliyokufa (kamati ya sherehe iliyokwisha, darasa la semina ya mwaka juzi) jitoe. Tangu mwaka 2022, ukijitoa wanaopata taarifa ni maadmini peke yao. Grupu zima haliandikiwi kwamba umeondoka. Ingawa bado mtu akitafuta orodha ya waliotoka hivi karibuni atakuona, kwa hiyo kwenye grupu la ukoo usijifiche, aga kwa heshima.

b) Magrupu unayotaka kubaki nayo, yanyamazishe. Utapewa kuchagua saa 8, wiki moja au daima. Chagua daima. Wiki moja itakwisha na utarudi ulikotoka.

c) Yale makubwa yenye kelele, yaweke kwenye kumbukumbu (Archive) ili yasionekane kwenye orodha ya mbele. Hayafutiki. Yatabaki huko hata ujumbe mpya ukiingia, na utayafungua kwa saa yako.

d) Kwenye sehemu ya faragha, badilisha anayeweza kukuunganisha kwenye grupu iwe ni watu ulio na namba zao tu. Usipofanya hivi, kesho utaamka ndani ya grupu la vipodozi.

e) Zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video. Bando litadumu, na hutafungua simu kufuta video za heri ya asubuhi.

f) Ujumbe wa sauti mrefu unaweza kuusikiliza kwa kasi ya mara 1.5 au mara 2. Mimi sipendi kuitumia kwa wazazi na wagonjwa. Sauti ya mama inastahili kusikilizwa kwa mwendo wake.

Kuhusu tiki za bluu: wengi hukimbilia kuzizima kwanza. Ukizizima, nawe hutaona za wenzako, na kwenye magrupu bado zitaonekana. Zaidi ya hayo, kuzima tiki ni kujificha, na anayejificha huishi akihofia kuonekana. Hatua ya 6 ndiyo dawa yake.

Hatua ya 5: Weka ratiba ya Usinisumbue

Ndani ya Mipangilio tafuta Usinisumbue, au Do Not Disturb kama simu yako iko kwa Kiingereza. Weka ijiwashe saa tatu usiku na kujizima saa kumi na mbili asubuhi, au muda unaokufaa.

*Tahadhari kubwa:* Simu haihesabu saa kama sisi. Saa tatu usiku ni 21:00, na saa kumi na mbili asubuhi ni 06:00. Ukiandika 3:00 na 12:00, simu italia usiku kucha mpaka saa tisa alfajiri, ndipo inyamaze, na itakufungia wateja wa asubuhi.

Kisha fungua upenyo. Watu wa safu ya kwanza wawekee nyota kwenye orodha ya majina, halafu ruhusu simu za wenye nyota. Ruhusu pia wanaopiga kwa kurudia: kwenye Android, mtu yeyote akipiga mara mbili ndani ya dakika 15, simu ya pili italia, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3. Hili ndilo jibu la swali la msiba. Hata mwenye namba ngeni, akikutafuta kweli, atapiga tena. Hakikisha pia kengele za kuamkia zimeruhusiwa.

Jaribu kabla ya kuamini. Mwombe mtu wa nyumbani apige mara moja, kisha mara mbili, ukiwa umekaa na simu mkononi.

Hatua ya 6: Waambie watu

Kubonyeza vitufe ni kazi ya nusu saa. Kazi yenyewe ni hii, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Ukinyamaza ghafla bila kueleza, watu watadhani umewakasirikia, unaumwa, au umepata hela. Mipangilio bila maelewano haidumu hata wiki mbili.

Kwa mkubwa wa familia, usiandike, piga. "Shikamoo shangazi. Nakupigia kukuambia, usiku simu nainyamazisha nipate kulala, lakini yako italia. Ukiwa na jambo usitume meseji, nipigie tu, hata kama ni saa nane usiku." Umempa heshima na umempa njia, naye atawaeleza wengine kwa niaba yako.

Kwenye grupu la ukoo: "Wapendwa, shikamooni na salaam. Ujumbe wa hapa nausoma kila jioni. Likitokea la dharura naomba nipigiwe kwa laini ya kawaida, mara mbili. Mchango wangu nitautuma kwa mweka hazina kama kawaida." Hiyo sentensi ya mwisho iache, itakulinda kuliko zote.

Kwa wateja: "Habari dada, asante kwa oda. Najibu ujumbe saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni. Ukiwa na haraka nipigie."

Kazini ndiko kugumu, na hapo ujue haki yako kabla ya kufungua mdomo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, pamoja na saa 24 kila wiki. Ina nafasi zake za makubaliano ya maandishi, na viongozi wa juu wana utaratibu tofauti, kwa hiyo soma mkataba wako. Ufaransa ilianza mwaka 2017 kuzitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi, na Kenya Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2022. Si wewe peke yako unayeuliza.

Lakini usimwendee bosi na vifungu mkononi. Nenda na pendekezo: "Mkuu, naomba tukubaliane jambo moja. Kazi ikiingia baada ya saa moja usiku nitaishughulikia asubuhi ya kwanza. Ikiwa haiwezi kusubiri, nipigie simu, nitapokea." Bosi wengi hukubali, kwa sababu wanatuma usiku ili wasisahau, na wala hawategemei jibu. Sisi ndio tunaoamka kujibu.

Hatua ya 7: Weka saa za kujibu, na uzitimize

Nyakati tatu kwa siku zinatosha watu wengi. Fungua, jibu zote unazoweza, funga. Mwenye biashara atumie WhatsApp Business: ina ujumbe wa kumkaribisha mteja, ujumbe wa kueleza kwamba hupo unaojituma nje ya saa za duka, majibu mafupi yaliyoandaliwa, na orodha ya bidhaa zenye bei. Ukiweka bei wazi, utapunguza maswali ya "bei gani?" kwa kiasi utakachokihisi siku ya kwanza.

Ukisema saa saba, jibu saa saba. Watu wakikuamini kwenye hilo, wataacha kukutumia "??" na "mambo" na "uko online".

Hatua ya 8: Pesa isiende kwa haraka

Hata usipofanya kingine chochote kwenye mwongozo huu, fanya hiki. Matapeli wa simu hawana silaha nyingine zaidi ya haraka yako. "Ile hela itume kwenye namba hii." "Nimekosea kukutumia, nirudishie upesi, mtoto yuko hospitali." "Mwanao amezidiwa shuleni, tuma sasa hivi." Zote zimetengenezwa usipate dakika tano za kufikiri.

Jiwekee kanuni: hakuna ombi la pesa linalotekelezwa kabla hujasikia sauti ya mwenyewe kwa namba unayoijua wewe, si aliyokutumia yeye. Akisema amekosea kutuma, usiamini SMS. Angalia salio lako kwa menyu ya mtandao wako (kwa Tanzania *150*00# ya M-Pesa, *150*60# ya Airtel Money). Hata kama hela imeingia kweli, usimrudishie wewe. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja, wao wana utaratibu wa kurejesha muamala. Nchini Kenya, aliyekosea kutuma kwa M-Pesa hutuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Na jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, lisome lote.

Wafundishe wazazi kanuni hii kwa mdomo, mkiwa mmekaa pamoja.

Hatua ya 9: Simu ilale mbali na kichwa chako

Ichaji upande wa pili wa chumba, au sebuleni. Hapa ndipo ile saa ya betri inapofanya kazi: ukiamshwa na simu, utakuwa umeona ujumbe kabla hujakanyaga sakafu. Wanaoishi chumba kimoja waiweke mahali ambapo lazima usimame kuifikia. Iache sauti ya mlio iwe juu, ili simu za safu ya kwanza zisikike.

Makosa yanayorudiwa

Kufuta programu zote siku moja. Ndani ya siku nne unazirudisha na kuona huna nguvu ya kujizuia, wakati ulichokosa ni mpangilio.

Kununua kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe) na kuhamishia laini bila kufikiria benki, barua pepe za kazi na WhatsApp yenyewe. Kinafaa kama simu ya pili ya wikendi.

Kuweka simu kwenye kimya kabisa ukidhani ni sawa na Usinisumbue. Kimya hakina upenyo kwa mtu yeyote.

Kuujaza muda uliookoa kwa kazi nyingine ya mtandaoni. Ukipata nusu saa jioni, ipangie kitu mapema: kutembea, kumsimamia mtoto masomo, au kukaa tu barazani.

Mambo yakikwama

*Nimezima arifa lakini programu bado inalia.* Programu moja huwa na aina nyingi za arifa. Ingia ndani ya programu hiyo kwenye Mipangilio uzime aina zote, au zima ile ya juu kabisa.

*Watu wa safu ya kwanza wanapiga, sisikii.* Kagua kama nyota iko kwenye namba wanayotumia sasa. Wengi wana laini mbili. Waambie pia wapige kwa laini ya kawaida badala ya WhatsApp.

*Najikuta nimeshika simu hata isipolia.* Hiyo ni kawaida ya wiki ya kwanza. Toa programu zinazokuvuta kwenye ukurasa wa mbele, na jioni washa rangi ya kijivu kupitia hali ya wakati wa kulala. Picha zisizo na rangi huchosha haraka.

*Wateja wanalalamika.* Ongeza wakati mmoja wa kujibu asubuhi mapema, usirudishe arifa zote. Wengi huagiza kabla ya kwenda kazini.

*Bosi alikubali, sasa ameanza tena.* Mjibu asubuhi kama mlivyokubaliana, bila maelezo. Akipiga usiku, pokea. Akipiga kila usiku, ombeni kikao na mhesabu hizo saa kama kazi ya ziada.

*Mzee amenuna.* Nenda kamsalimie. Usipoweza kufika, mpigie mchana, mwulize za afya na mifugo kabla ya kutaja simu.

*Nimenunua simu mpya na kelele zimerudi.* Usidhani mipangilio yote imehama nawe. Chukua lile daftari la safu tatu, anzia hatua ya 3, na namba zilizobadilika zipe nyota upya.